Mfinyanzi Hulia Gaeni: Vigae Vilivyokwenda Angani na Mikono Isiyotajwa

Wadau, leo tunawaacha mastaa wapumzike. Hakuna aliyeachika, hakuna aliyenunua gari jipya, hakuna aliyefumaniwa. Leo ni zamu ya watu ambao hakuna aliyewapiga picha wala kuandika majina yao, ila bila wao maharage yasingeiva Manyovu na watu waliokwenda mwezini wasingerudi nyumbani.

Ndiyo, umesoma vizuri. Manyovu na mwezini kwenye sentensi moja. Kaa mkao wa kula, tuanze taratibu.

Chungu hakiponi kwa bahati

Kwa asiyepajua, Manyovu iko juu milimani mkoani Kigoma, wilaya ya Buhigwe, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Kasulu. Ukivuka mpaka tu, uko Burundi. Ni nchi ya baridi, migomba, kahawa na maharage. Na maharage, kama unavyojua, hayana haraka. Yanataka moto wa saa kadhaa.

Sasa fikiria chungu kilichokaa juu ya mafiga. Chini kinalambwa na ndimi za moto zenye joto la mamia ya nyuzi. Ndani kuna maji ambayo hata yachemke vipi hayapiti nyuzi 100. Ukuta wa chungu ni mwembamba kama kidole. Upande mmoja unataka kutanuka sana, upande mwingine kidogo. Ukiwa umefinyanga kwa udongo laini mtupu, chungu kitapasuka, na mara nyingi hakitafika hata jikoni: kitakatika kikiwa kinakauka kivulini, au kitalipuka siku ya kuchomwa.

Mfinyanzi anajua hilo, ndiyo maana hafinyangi udongo mtupu. Anachanganya udongo wa aina mbili, au anatia mchanga, au anachukua vigae vya chungu kilichovunjika, anavitwanga, anavikanda humo humo kwenye udongo mbichi. Ukimtazama bila kujua, utadhani anachafua udongo wake mzuri.

Kumbe anaujenga. Punje za kigae zimeshapita motoni, hazinywei tena. Udongo mbichi unapokauka na kusinyaa, punje zile zinausimamia kama mifupa inavyosimamia nyama. Zinaacha vijinafasi ambavyo mvuke unapita badala ya kulipua chungu. Na ufa mdogo ukianza, hausafiri mbali: unagonga punje, unakata kona, unachoka, unakufa hapo hapo. Chungu kizuri si kile kisicho na nyufa. Ni kile ambacho nyufa zake hazipati njia.

Angalia na nyumba za udongo. Udongo unabeba uzito vizuri lakini ukivutwa unakatika. Nyasi haibebi uzito lakini ukiivuta inastahimili. Kanda udongo na nyasi, pata tofali moja lenye tabia ambayo hakuna kati ya hivyo viwili aliyekuwa nayo. Wahandisi wa leo wanaita kitu hicho kompositi: vitu viwili vyenye kasoro tofauti, vinachanganywa ili kila kimoja kifunike aibu ya mwenzake. Kama ndoa nzuri, kwa wale waliojaliwa.

Lakini hebu tumtazame aliyekuwa akifanya kazi hiyo. Hapo ng'ambo ya mpaka, Burundi, na Rwanda pia, ufinyanzi ulijulikana kuwa kazi ya Watwa. Na Watwa walidharauliwa. Majirani hawakula nao sahani moja wala kunywa nao kibuyu kimoja, lakini walipikia vyungu vyao kila siku. Chungu kilikaribishwa jikoni, aliyekifinyanga akabaki nje ya ua.

Wazee wa Kiswahili walishaliona hili siku nyingi wakasema, mfinyanzi hulia gaeni. Anayewatengenezea wenzake vyungu vizima, yeye mwenyewe anakula kwenye kipande. Shika methali hii vizuri, kwa sababu tutaikuta tena mbali sana na hapa, kwenye kiwanja cha kurushia roketi.

Kabla ya roketi, kulikuwa na tanuri

Tupande kwanza kaskazini, tuingie Buhaya, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Mwaka 1978 jarida la Science la Marekani lilichapisha makala ya Peter Schmidt na Donald Avery kuhusu wafua chuma wa huko. Wazee wa Kihaya ambao walikuwa wameacha kuyeyusha chuma miaka mingi, kwa kuwa vyuma vya dukani vilikuwa rahisi, walijenga tena tanuri kama walivyokumbuka. Watafiti wakapima joto. Lilipita nyuzi 1,500. Na mabaki ya matanuri ya zamani yaliyochimbuliwa eneo hilo yalionyesha kwamba kazi hiyo ilifanyika huko karne nyingi sana zilizopita, zaidi ya miaka 1,500.

Wataalamu wamebishana hadi leo jinsi hewa ilivyopashwa moto kabla ya kufika ndani. Tuwaachie ubishi wao. Sisi linalotuhusu ni swali dogo: tanuri lenyewe lilijengwa kwa kitu gani hata lisiyeyuke?

Lilijengwa kwa udongo pamoja na vipande vya mavi ya chuma, yaani takataka iliyobaki kwenye uyeyushaji uliopita. Unaona mkono wa mfinyanzi hapo? Kitu kilichokwisha kupita motoni kinarudishwa kwenye udongo kuupa mifupa. Na mirija ya udongo iliyopeleka hewa kutoka kwenye mivukuto haikufinyangwa kwa udongo wowote wa njiani. Mafundi walichagua udongo unaovumilia moto, maana mrija ukiyeyuka mapema, kazi ya siku nzima imeharibika.

Majina ya watafiti yako kwenye jarida na yatabaki. Majina ya wale waliogundua udongo upi unafaa, kwa kujaribu na kuharibu, kizazi hadi kizazi? Hakuna jarida lililokuwepo la kuyaandika.

Kurudi nyumbani ni moto

Sasa tuelekee angani, na tuanze na kurudi badala ya kwenda. Watu wengi wanadhani hatari yote iko kwenye roketi inapowaka. Si kweli. Chombo kinachozunguka dunia kinakwenda kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa. Kilichotoka mwezini kinaingia kwenye anga letu kwa kasi ya karibu kilomita 40,000 kwa saa. Kinapoigonga hewa, hewa iliyo mbele yake haipati muda wa kukimbia, inabanwa, inawaka. Ngao ya chombo cha Apollo ilikutana na joto la nyuzi zaidi ya 2,500. Hapo chuma si chuma tena, ni uji.

Dawa yake ilikuwa kompositi. Walichukua gundi ngumu ya epoksi, wakaichanganya na nyuzi za silika, ambayo ni jamaa ya mchanga, na vijipovu vidogo sana. Mchanganyiko huo hauukatai moto, unakubali kuungua kidogo kidogo. Tabaka la juu linageuka mkaa, linabanduka na kuondoka na joto lake, kama jasho linavyoondoka na joto la mwili wako unapopanda mlima wa Manyovu na gunia la maharage mgongoni. Ndani, wanaanga wamekaa kwenye joto la kawaida.

Sasa sikiliza jinsi ilivyotengenezwa. Ngao ile ilifunikwa kwanza na wavu wa faiba wenye vyumba vidogo kama masega ya nyuki. Vyumba hivyo vilikuwa zaidi ya 300,000. Na kila kimoja kilijazwa kwa mkono. Fundi anashika kifaa kama bunduki ya gundi, anajaza chumba kimoja, anahamia kinachofuata. Kisha ngao inapigwa picha ya eksirei kutafuta palipobaki hewa. Chumba chenye kasoro kinatobolewa, kinajazwa upya.

Laki tatu, jamani. Kwa mkono. Majina ya waliokanyaga mwezi mwaka 1969 kila mtoto wa shule anayo. Waliojaza vyumba vile hakuna anayewaimba, na chumba kimoja kilichojazwa kwa uvivu kingeweza kuwa mlango wa moto.

Na sisi Malindi tulikuwepo

Kuna wanaodhani habari za anga ni za Wazungu na Warusi tu, Afrika Mashariki ni watazamaji. Basi wapelekeni Malindi.

Kuanzia mwaka 1967 hadi 1988, roketi tisa zilirushwa kwenda angani kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini kwenye Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya mji wa Malindi. Mradi ulikuwa wa Waitaliano, roketi aina ya Scout zilitoka Marekani, bahari na ardhi vilikuwa vya Kenya. Walichagua hapo kwa kuwa karibu na Ikweta dunia inazunguka kwa kasi zaidi, hivyo roketi inapata msukumo wa bure.

Siku yenyewe ya kukumbukwa ni tarehe 12 Desemba 1970. Kenya inasherehekea miaka saba ya uhuru, na jukwaani inapaa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa maalumu kwa kutafuta miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Mwanamama aliyeongoza mradi huo upande wa NASA, Marjorie Townsend, ndiye aliyependekeza ipewe jina la siku hiyo. Ikaitwa Uhuru. Neno la Kiswahili likaingia kwenye vitabu vya elimu ya nyota, na liko humo mpaka leo.

Roketi ile ilikuwa na kompositi yake pia. Maganda ya mota za juu hayakuwa ya chuma. Yalikuwa ya faiba: nyuzi za kioo zilizozungushwa kama uzi kwenye kibiringo na kushikwa kwa gundi. Ni ndugu wa zile boti za faiba unazoziona ziwani Kigoma. Faiba ni nyepesi kuliko chuma, na nguvu inazo. Kila kilo iliyopungua kwenye ganda ni kilo iliyoongezeka kwenye setilaiti, na Uhuru yenyewe ilikuwa na kilo kama 140 tu.

Nani walikuwa pale jukwaani? Wahandisi wa Kiitaliano, wataalamu wa Kimarekani, na Wakenya: wa mashua, wa mitambo, wa jikoni, wa ulinzi. Mwaka 2002 Riccardo Giacconi, kiongozi wa sayansi ile ya eksirei, alipata tuzo ya Nobel, na aliistahili. Waliobeba, waliofunga, waliopika na waliovusha watu na vifaa kwenda jukwaani hawamo kwenye hotuba yoyote. Ukiwa na mzee wako aliyefanya kazi San Marco, huyo ni historia inayotembea. Mkalishe, mrekodi.

Kutulia ni kazi kuliko kuruka

Uhuru ilikuwa ikijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, huku gurudumu la ndani likiisaidia isiyumbe. Kwa mwendo huo wa upole iliweza kupiga hesabu ya vyanzo 339 vya eksirei angani. Ingekuwa inatikisika, isingeona kitu. Jaribu kumpiga picha mtoto usiku huku mkono wako unatetemeka, utaelewa.

Na huko juu kitu kinachotetemesha chombo ni joto lenyewe. Chombo kinachozunguka karibu na dunia kinaimaliza duara kwa dakika kama 90 hadi 95. Zaidi ya nusu ya muda kiko juani, ambapo ngozi yake inaweza kupanda hadi nyuzi 120. Muda uliobaki kiko kwenye kivuli cha dunia, inashuka hadi nyuzi 100 chini ya sifuri au zaidi. Mchana na usiku mara kumi na tano kila siku. Chungu cha Manyovu kinapata mapumziko baada ya maharage. Chombo hiki hakipati.

Hebu tufanye hesabu. Bomba la aluminiamu la mita tano, likipanda joto kwa nyuzi 100, linarefuka kwa milimita 11 na ushee. Kwa mabati ya nyumba yako hiyo ndiyo ile "ta! ta!" unayoisikia jua linapochomoza. Kwa darubini ambayo vioo vyake vinatakiwa vikae bila kusogea hata unene wa unywele, milimita 11 ni msiba.

Darubini ya Hubble iliporushwa Aprili 1990 ililionja hilo. Kila ilipovuka kutoka kivulini kwenda juani, paneli zake za umeme wa jua zilijikunja na kujikunjua kwa ghafla, na darubini nzima ikatikisika. Wanaanga walikwenda kuzibadilisha Desemba 1993. Lakini mifupa ya ndani, ile inayoshikilia vioo vyake, haikuwa na shida hiyo. Ilikuwa imejengwa kwa nyuzi za kaboni na epoksi.

Hapa ndipo penye utamu. Uzi wa kaboni una tabia ya ajabu: ukiupasha joto, urefu wake hautanuki, unapungua kidogo. Gundi ya epoksi yenyewe inatanuka kama kawaida. Mhandisi anapanga tabaka za nyuzi, hili limelala hivi, lile limekatiza vile, mpaka kupungua kwa uzi na kutanuka kwa gundi vinakatana. Mmoja anavuta kulia, mwingine kushoto, boriti imesimama pale pale. Darubini ya eksirei ya Chandra ya mwaka 1999, ambayo ni kama mjukuu wa Uhuru wetu ya Malindi, mwili wake mrefu umejengwa kwa mtindo huo. Na darubini ya Webb iliyorushwa Desemba 2021 ina uti wa mgongo wa nyuzi za kaboni ambao, kwenye baridi ya zaidi ya nyuzi 200 chini ya sifuri, unatakiwa usisogee hata sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele.

Punje ya kigae kwenye udongo, uzi wa kaboni kwenye epoksi. Wazo ni lile lile: usitafute kitu kimoja kisicho na kasoro, oanisha kasoro mbili zinazopingana.

Mate kwenye gundi

Sasa tunafika kwenye sehemu inayouma.

Chombo cha Columbia kilichoanza kuruka Aprili 1981 kilikuwa tofauti na Apollo. Kilitakiwa kiende na kurudi, kiende na kurudi, kwa hiyo ngao ya kuungua na kutupwa haikufaa. Tumbo lake likafunikwa kwa vigae. Ndiyo, Kiswahili kinatuletea neno lile lile. Vigae zaidi ya 30,000 vya nyuzi za silika, vyepesi ajabu kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wake ni hewa. Kigae kikitolewa kwenye tanuri kikiwa chekundu ndani, baada ya sekunde chache unaweza kukishika kwenye pembe zake kwa vidole vitupu. Pua na kingo za mbele za mabawa, ambako moto ni mkali zaidi, ziliwekewa kompositi nyingine, kaboni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni, inayohimili nyuzi 1,600 hivi.

Ila kigae kile ni dhaifu kama kioo, na ngozi ya aluminiamu iliyo chini yake inatanuka na kujikunja. Ukikigandisha moja kwa moja, kitapasuka kama chungu cha udongo mtupu. Kwa hiyo katikati waliweka kitambaa kizito kama sufi, gundi juu, gundi chini, ili ngozi icheze bila kukisumbua kigae. Karibu kila kigae kilikuwa na umbo lake, na mahali pake ni pamoja tu. Mwaka 1979 Columbia ilifikishwa Florida ikiwa na maelfu ya vigae ambavyo bado havijabandikwa, na mafundi walifanya kazi zamu kwa zamu, kigae kwa kigae, hadi 1981.

Mwaka 1990 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Carnegie Mellon walikabidhi NASA uchunguzi wao kuhusu vigae hivyo. Walikuta kwamba asilimia 15 tu ya vigae ndiyo iliyobeba takribani asilimia 85 ya hatari yote. Wakaeleza pia kwamba povu la kuhifadhi baridi kwenye tangi la nje linaweza kubanduka na kugonga chombo. Na hawakuishia kwenye vifaa, walitazama na watu. Walikuta wabandika vigae wanalipwa chini kuliko mafundi wengine, wanaonekana wa daraja la chini, wanaacha kazi mara kwa mara. Wakataja na kisa cha fundi aliyekuwa akitemea mate kwenye gundi ili ikauke haraka awahi kumaliza. Maji yanaiharakisha kweli, lakini mshiko wake unapungua.

Usimcheke fundi yule. Jiulize nani aliyemharakisha, na nani aliyempanga daraja la mwisho mtu aliyeshika uhai wa wenzake mikononi. Mfinyanzi hulia gaeni, hata Florida.

Tarehe 16 Januari 2003 Columbia iliruka safari yake ya mwisho. Sekunde 82 baada ya kuondoka, kipande cha povu kisichofika kilo moja kilibanduka kutoka kwenye tangi na kugonga ukingo wa bawa la kushoto. Si vigae safari hii, ni ile kompositi ya kaboni. Wahandisi wa ngazi za chini walitilia shaka. Maombi matatu yalitolewa ili kamera za kijeshi zilipige picha bawa huko angani. Hayakufika popote. Viongozi waliona povu jepesi haliwezi kuumiza bawa.

Tarehe 1 Februari 2003, moto wa kurudi uliingia kwenye tundu lile. Wanaanga saba walikufa. Miezi mitano baadaye, wachunguzi walipiga povu la ukubwa ule ule kwa kasi ya kilomita zaidi ya 800 kwa saa kwenye bawa la majaribio. Lilitoboa tundu ambalo kichwa cha mtu kinapita.

Kompositi ile haikudanganya mtu. Ilihimili moto kama ilivyoahidiwa, ila haikuwahi kuahidi kuhimili kipigo. Waliokuwa karibu na kazi walilijua hilo. Sauti zao ndizo hazikuwa na daraja la kusikilizwa.

Kwa hiyo?

Siandiki haya ili tujipongeze kwamba bibi zetu ndio waliovumbua roketi. Hawakuvumbua roketi. Kati ya chungu na Columbia kuna hesabu, kemia na mabilioni ya dola. Lakini ujuzi wa kuishi na moto, ule wa kuchanganya viwili ili kimoja kisipasuke, walikuwa nao mikononi, na walioushika walikuwa karibu kila mahali wanaketi mkiani mwa meza. Gharama ya dharau hiyo haionekani siku ya kwanza. Inaonekana siku tundu linapotokea na aliyelijua hakuulizwa.

Kenya ilirusha setilaiti yake ya Taifa-1 Aprili 2023. Vijana wetu wa Tanzania nao wanasoma uhandisi, na wengine wao wametoka Kasulu, Kibondo na Buhigwe. Wakifika kwenye somo la kutanuka kwa vitu kwa joto, mwalimu anachora reli ya treni ubaoni. Si vibaya. Lakini mlimani hapo kwao huenda bado yuko mama mzee anayeweza kuwaonyesha somo zima kwa udongo, jiwe la kusagia na gae. Sufuria za aluminiamu zimemwondoa sokoni, hakuna anayemwita mtaalamu, na siku akiondoka anaondoka na uwiano wake wa vigae kwa udongo. Hakuna jarida lenye nakala.

Basi wadau, kazi ya wiki hii ni nyepesi. Kama kwenu kuna mfinyanzi, mfua chuma, fundi tanuri la matofali, au mzee aliyefanya kazi Malindi enzi za San Marco, nenda kamuulize anachanganya nini na nini, kwa nini, na alifundishwa na nani. Akikubali, mtaje kwa jina hapo chini. Asipokubali, tuandikie alichosema bila jina. Ila safari hii tumuulize kwanza, kabla tundu halijatokea.